Tawaifu: Sanaa Ilikaribishwa Ndani, Msanii Akaachwa Mlangoni

Yeyote aliyezoea filamu za Kihindi anamfahamu mwanamke huyu. Ana njuga miguuni, gauni lake likizunguka linafumuka kama mwavuli, na mbele yake wanaume wameegemea mito huku mmoja wao akirusha noti. Anaimba mapenzi usiku kucha, na kabla filamu haijaisha ama amekufa, ama ameolewa, ama ametokomea kusikojulikana. Ndivyo tulivyomwona Meena Kumari katika Pakeezah (1972), na ndivyo tulivyomwona Rekha katika Umrao Jaan (1981). Hata mwaka 2024, mfululizo wa Heeramandi ulipotoka, mwanamke ni yuleyule, ila mapambo ndiyo yaliyoongezeka.

Watazamaji wengi huondoka na jibu mojawapo kati ya mawili. Kuna wanaosema: "Ah, huyo si malaya tu, basi yamekwisha." Na kuna wanaosema kwamba alikuwa malkia wa sanaa, mtu huru kuliko wake za watu, ambaye jamii ilimwonea wivu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili ni mepesi mno. Tawaifu alikuwa msanii aliyesomea kazi yake, alikuwa mfanyabiashara, na mara nyingi alikuwa pia mtu aliyenunuliwa. Anayetaka kuzifahamu fasihi na muziki wa India hana budi kuyashika yote matatu kwa pamoja.

Neno na watu wake

Neno tawaifu lina undugu na neno letu taifa. Yote mawili yanatokana na Kiarabu: taifa ni kundi la watu, na tawaifu ni wingi wake, yaani makundi. Katika Kiurdu, wingi huo ulikuja kutumika kwa mwanamke mmoja mmoja anayeimba na kucheza mbele ya wateja wenye nafasi. Tazama basi jinsi lugha inavyofanya kazi yake: mtu mmoja anaitwa kwa jina la kundi, kana kwamba hana nafsi yake nje ya kundi hilo.

Mhusika wa namna hii ni wa kale katika fasihi ya India. Katika Kisanskriti aliitwa ganika. Kamasutra inaorodhesha sanaa 64 ambazo ganika hodari alitakiwa kuzijua, zikiwemo kuimba, kupiga ala, kuchora na kutegua vitendawili. Katika tamthilia ya Mrichchhakatika, yaani Kigari cha Udongo, inayohusishwa na mtunzi Shudraka, shujaa wa kike ni ganika aitwaye Vasantasena. Yeye ndiye mwenye mali, na mwanamume anayempenda ni mtu mwema aliyefilisika. Kwa hiyo wanaodhani kwamba mhusika huyu aliletwa na tabaka la Waislamu watawala, au na Waingereza, wamekosea kwa karne nyingi.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Tawaifu alikuwa wa kaskazini, katika miji kama Lucknow, Delhi na Banaras, na sanaa yake ilitegemea majumba ya wakuu. Kusini, hasa katika nchi ya Kitamili na Kitelugu, kulikuwa na devadasi, mwanamke aliyewekwa wakfu kwa mungu wa hekalu na kucheza hekaluni na katika mabaraza ya wafalme. Mila zao hazikuwa sawa, wala dini zao hazikuwa sawa kila mara. Lakini, kama tutakavyoona, ukoloni na wasomi wa Kihindi wa karne ya 19 waliwatia wote katika kapu moja, na hatima zao zikafanana.

Kotha kama chuo

Nyumba ya tawaifu iliitwa kotha. Mkubwa wake alikuwa mwanamke mwenye umri, tawaifu wa zamani, ambaye ndiye aliyeshika fedha, aliyeamua nani afundishwe nini, na aliyezungumza na wateja. Chini yake walikuwapo wasichana, na pia walimu wa kiume wa muziki na ngoma, wapigaji tabla na wapigaji sarangi. Msichana alianza kufundishwa akiwa mdogo sana: sauti, hatua za kathaki, Kiurdu cha fasaha, na ushairi wa Kiajemi. Hakutakiwa kukariri beti tu. Alitakiwa aweze kujibu beti kwa beti mbele ya wanaume waliojiona mabingwa wa lugha.

Urithi ulikwenda kutoka kwa mama hadi kwa binti. Katika jamii pana iliyosikitika mtoto wa kike alipozaliwa, kotha ilishangilia. Watoto wa kiume walibaki pembeni, wengi wakiwapigia ala dada zao. Inajulikana pia kwamba watu wa tabaka la juu mjini Lucknow waliwapeleka vijana wao kwenye kotha zenye heshima kujifunza adabu: namna ya kukaa, kusalimu, na kusifu shairi bila kupayuka. Fikiria, msomaji! Mtoto wa nawabu anafundishwa adabu na mwanamke ambaye baba yake asingekubali aingie nyumbani kwake kama mkwe.

Mwanahistoria Veena Talwar Oldenburg, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1990, anaeleza alivyowakuta wanawake hawa mahali ambapo hakutazamia kuwakuta, yaani katika madaftari ya kodi ya Lucknow ya miaka ya 1858 hadi 1877. Waliandikwa kama waimbaji na wachezaji, na walikuwa katika daraja la juu kabisa la walipa kodi wa mji. Walikuwa na nyumba, bustani na vito. Kutokana na hayo Oldenburg anahitimisha kwamba maisha yao yalikuwa namna ya upinzani dhidi ya mfumo dume.

Hoja hii ina nguvu, lakini haifai kumezwa nzima nzima. Fedha za kotha zilitoka wapi? Zilitoka kwa nawabu, na fedha za nawabu zilitoka kwa mkulima wa Awadh aliyelipa ushuru. Na ndani ya kotha yenyewe, msichana hakulingana na bibi mkubwa. Zilikuwapo pia sherehe za kumtambulisha msichana aliyebaleghe kwa mlezi wake wa kwanza, yaani yule aliyelipa zaidi. Binti mwenyewe hakuulizwa. Ukisema "uhuru wa tawaifu" bila kutaja jambo hili, umemsahau mtu dhaifu kuliko wote nyumbani humo.

Umrao Jan: riwaya inayohoji

Hapa ndipo riwaya inapotusaidia kuliko daftari la kodi. Umrao Jan Ada ya Mirza Hadi Ruswa ilitoka mwaka 1899 na ni miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za Kiurdu. Kifani, Ruswa anajiingiza mwenyewe kama mhusika: anakutana na tawaifu mzee aliyestaafu, naye anamsimulia maisha yake. Kwa hiyo tunasikia sauti ya mwanamke, ila imepita katika kalamu ya mwanamume. Hilo ni swali la usimulizi ambalo mhakiki hapaswi kulikwepa.

Kisa chenyewe kinaanzia Faizabad. Mtoto Ameeran anaibwa na jirani mwenye kisasi na baba yake, anapelekwa Lucknow na kuuzwa kwa Khanum, mwenye kotha. Anageuka Umrao. Anasoma, anaimba, anatunga mashairi kwa lakabu ya Ada. Lakini Ruswa anaweka kando yake msichana mwingine, Ram Dei, aliyeibwa kama yeye. Ram Dei ananunuliwa na familia ya kitajiri, na mwishowe anakuwa mke wa heshima. Wasichana wawili, wizi mmoja, soko moja. Mmoja anaitwa begumu, mwingine anaitwa tawaifu. Ni nini kinachowatofautisha? Si tabia wala malezi ya mama zao. Kinachowatofautisha ni mnunuzi tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uti wa mgongo wa riwaya hii, maana Ruswa anaibomoa dhana kwamba kuna wanawake waliozaliwa wema na wengine waliozaliwa waovu.

Baadaye Umrao anarudi Faizabad kucheza, na anajikuta karibu na nyumba aliyozaliwa. Mama anamtambua. Kaka anamtaka aondoke, tena kwa vitisho. Elimu yote ile, mashairi yote yale, havikuweza kumfungulia mlango wa kwao.

Ukoloni unaingia

Mwaka 1856 Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya India iliitwaa Awadh na kumwondoa mtawala wake, Wajid Ali Shah, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi na mpenzi mkubwa wa muziki na ngoma. Alipelekwa uhamishoni Kolkata, na wanamuziki wengi wakamfuata huko. Mwaka uliofuata yakazuka maasi ya 1857. Mjini Kanpur jina la tawaifu Azizun likakumbukwa kati ya walioshirikiana na waasi. Waingereza waliporudi na kushinda, walinyang'anya mali za wengi, na orodha za mali zilizotaifishwa zinaonyesha kwamba matajiri wa kotha hawakusazwa.

Kisha ikaja sheria. Mwaka 1868 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya magonjwa ya zinaa kwa India, iliyowataka wanawake walioitwa makahaba waandikishwe na kupimwa kwa lazima. Lengo lilikuwa afya ya askari wa Kizungu, wala si afya ya wanawake hao. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1888, lakini athari yake katika lugha haikufutika. Zamani palikuwa na ngazi nyingi: mwimbaji wa baraza, mchezaji wa sokoni, mwanamke wa mtaani, kila mmoja na jina lake. Ofisi ya serikali ilihitaji safu moja tu katika daftari. Basi wote wakawa kahaba. Sisi tunaosoma semantiki tunajua kwamba neno likipoteza matawi yake, watu waliokaa juu ya matawi hayo huanguka.

Wasomi wa Kihindi nao wakalipokea daftari hilo kama kioo. Miaka ya 1892 na 1893 kampeni ya kupinga ngoma hizi ilipamba moto mjini Madras. Wanamageuzi walimwandikia hata Gavana wa Madras na mwakilishi wa Malkia nchini India wakiwaomba wasihudhurie sherehe zenye wachezaji hao. Tuwe waadilifu: miongoni mwa wanamageuzi walikuwapo watu waliosukumwa na huruma ya kweli. Daktari Muthulakshmi Reddy, mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Madras mwaka 1927, alikuwa binti wa mama aliyetoka katika ukoo wa devadasi. Alijua alichokuwa akikipinga. Lakini walikuwapo devadasi walioandika barua za kupinga mswada, wakisema kwamba wao ni wasanii wenye ardhi na haki zao za urithi, na kwamba hakuna aliyewauliza. Sheria ya kupiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu ilipita Madras mwaka 1947. Wasichana wengi waliokolewa na unyonge. Wanawake wazima wengi walipoteza riziki. Yote mawili ni kweli.

Muddupalani na Nagarathnamma

Kwa mwanafunzi wa fasihi, kisa cha kitabu kimoja kitaeleza haya yote kuliko sheria kumi. Katika karne ya 18, katika baraza la mfalme Pratapasimha wa Thanjavur, aliishi mshairi wa Kitelugu aitwaye Muddupalani. Alitunga utenzi uitwao Radhika Santwanam, maana yake kumbembeleza Radhika. Katika tungo nyingi za India ni Radha anayemlilia Krishna. Muddupalani anaigeuza mizani: Krishna ndiye anayebembeleza, na matamanio yanayoongoza hadithi ni ya mwanamke. Tena mtunzi anajitaja wazi utanguliziani na kueleza ukoo wake kwa upande wa wanawake, bila ya haya wala kuomba radhi.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwimbaji Bangalore Nagarathnamma (1878–1952), naye wa ukoo wa devadasi, alisoma toleo lililochapwa na kugundua kuwa limepogolewa. Akatafuta nakala kamili, akaihariri, ikachapwa mwaka 1910. Mwanamageuzi na mwandishi mkubwa wa Kitelugu, Kandukuri Veeresalingam, alikuwa amekwisha kuandika kwamba utungo huo haufai na kwamba aliyeutunga hana haya. Nagarathnamma alimjibu kihakiki kabisa: washairi wa kiume wameandika mambo ya namna hiyohiyo, tena makali zaidi, nanyi mkayasifu na kuyafundisha. Je, haya ni ya wanawake peke yao? Serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku kitabu kwa madai ya uchafu. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1947 tu.

Tunaambiwa darasani kwamba uhakiki ni kazi ya maprofesa. Hapa tunamwona mwimbaji aliyefanya kazi yote: kutafuta miswada, kulinganisha matoleo, kuhariri na kuingia katika mjadala wa hadhara. Katika Kiurdu pia hatukosi mfano. Mah Laqa Bai Chanda wa Hyderabad (1768–1824) aliacha diwani nzima ya ghazali za Kiurdu. Kama tunasoma historia ya fasihi ya India bila wanawake hawa, basi tunasoma nusu yake.

Kusafisha sanaa

Sasa tuulize: wasanii walipofukuzwa, sanaa ilikwenda wapi? Haikufa. Ilihama nyumba. Ngoma ya devadasi iliyoitwa sadir ikapewa jina la heshima, Bharatanatyam. Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la Wabrahmani, aliicheza hadharani mwaka 1935, na mwaka 1936 akaanzisha chuo cha Kalakshetra. Mabinti wa familia za heshima wakaanza kujifunza hatua zilezile zilizokuwa aibu kwa wenyewe. Balasaraswati (1918–1984), mchezaji mkubwa aliyetoka katika ukoo wa devadasi, alibaki akitetea kwamba ashiki ni roho ya ngoma hiyo, na kwamba anayeiondoa ili kuitakasa anaondoa uhai wake.

Katika uimbaji ilikuwa vivyo hivyo. Thumri ni wimbo mfupi wa maneno machache, ambamo mwimbaji huchukua kifungu kimoja na kukirudia mara nyingi, kila mara kwa maana mpya: mara analaumu, mara anatania, mara anaomba. Ni uhakiki ndani ya utungo wenyewe. Rasoolan Bai wa Banaras (1902–1974) alirekodi mwaka 1935 thumri moja ambamo msemaji anamwambia mpenzi asimpige kwa ua, kwa kuwa anaumia kifuani, na neno lililotumika linataja matiti waziwazi. Baadaye wimbo ukajulikana kwa namna nyingine, neno lile likibadilishwa na lenye maana ya moyo. Saba Dewan ameufuatilia mkasa huu katika filamu yake ya hali halisi, The Other Song (2009). Neno moja tu! Lakini katika neno hilo mwili umegeuzwa kuwa wazo, na mwimbaji mwenye mwili akawa hahitajiki tena.

Si kwamba wote walikaa kimya wakitazama. Teknolojia iliwafungulia wengine dirisha. Novemba 1902, mjini Kolkata, Gauhar Jaan (1873–1930) aliimba mbele ya mashine ya kampuni ya gramafoni ya Kiingereza, akawa miongoni mwa Wahindi wa kwanza kabisa kurekodiwa. Alijifunza upesi kuubana wimbo wa saa nzima katika dakika tatu hivi, na mwishoni alitaja jina lake kwa Kiingereza ili mafundi walioko ng'ambo wajue santuri ni ya nani. Begum Akhtar (1914–1974) alianza akiitwa Akhtaribai Faizabadi. Aliolewa na mwanasheria mwaka 1945, akaacha kuimba kwa miaka kadhaa, kisha akarudi redioni Lucknow mwaka 1949. Angalia majina hayo: Bai ni jina la mwimbaji wa kotha, Begum ni jina la mke wa mtu. Sauti ni ileile. Kilichobadilika ni cheo chake mbele ya jamii, na cheo hicho alipewa na ndoa.

Na hapa pana uzi unaofika kwetu. Kampuni hiyohiyo ya gramafoni, kwa nembo ya HMV, ndiyo iliyomwita Bombay Siti binti Saad na kundi lake mwaka 1928 ili warekodi nyimbo za Kiswahili. Siti hakuwa tawaifu, na asije mtu akasema tumesema hivyo. Lakini soko la santuri lililomfikia Unguja lilikwisha kujengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya sauti za wanawake wa kotha.

Hitimisho

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya tawaifu si kufanywa malaika. Kotha ilinunua watoto, na msomaji wa Umrao Jan hawezi kulisahau hilo. Wala haki yake si kuhurumiwa katika filamu kwa muda wa saa tatu. Haki yake ni kutajwa kama mtunzi, mwalimu na mhariri pale ambapo kazi yake inatumika.

Kwa hiyo tunapokutana na thumri katika ukumbi, na Bharatanatyam jukwaani, na ghazali katika mtaala, tujiulize maswali matatu. Utungo huu ulitungwa na nani? Ni neno gani lililobadilishwa kabla haujatufikia? Na aliyeutunga, kama angekuja leo kwenye ukumbi huu, angekaribishwa kuketi wapi? Maswali haya hayahusu India pekee. Wenzetu wanaochukua fasihi simulizi wanayahitaji kila wanapokwenda uwandani na kinasa sauti mkononi, maana kanda hurudi chuoni ikiwa na wimbo wote, na mara nyingi jina la mama aliyeuimba halikuandikwa.